Mnyororo Kabla ya Safari

(Haya ni maneno aliyoyasema mwanachama mmoja wa karakana mbele ya mkutano wa tawi letu la Changamwe. Tumeyachapa kwa kuwa ndugu wa Likoni na wa Kisauni, ambao nao wana safari za namna hii, wametuomba.)



Katibu aliponiambia nisimame hapa niseme habari ya baisikeli, nilicheka. Nilidhani mtu wa kusimama mbele ya mkutano ni mtu wa kusema habari ya mishahara na likizo. Mimi elimu yangu ni ya shule ya misheni pale Rabai, ya msingi tu, kisha nikaingia kazini nikashika nyundo. Lakini Katibu akanikumbusha jambo la Ramisi, nami nikanyamaza. Basi nitasema, na mkiona narefusha mnikatize.

Mwajua kwamba Alhamisi ya juma lijalo watu tisa wa tawi hili, wale ambao siku hiyo hawana zamu, watavuka feri ya Likoni na kushika barabara ya Lunga Lunga. Twaenda kwa wazee saba waliostaafu. Kila mwaka wazee hawa sharti wathibitishe kwamba wangali hai, ndipo pensheni yao iendelee. Fomu yataka saini ya mzee au dole gumba lake, yataka muhuri wa chifu, na yataka kufika ofisini kabla ya siku iliyoandikwa. Sasa mzee wa miaka themanini aliyeko ndani huko Kikoneni au Majoreni, ambaye hata kwenda msalani anashikwa mkono, atakujaje Mombasa kuonyesha kwamba yu hai? Ndiyo maana twamfuata sisi.

Wako waliouliza kwa nini tusipande matatu. Tulipiga hesabu. Matatu yakushusha barabarani, na nyumba za wazee haziko barabarani. Ukishuka sharti ukodi pikipiki kwenda kwa mzee, na kwenda kwa chifu, na kurudi, mara saba. Fedha za tawi mwazijua. Baisikeli tunazo wenyewe.

Sasa nisikilizeni habari ya mwaka jana, maana ndiyo asili ya mazungumzo haya.

Mwaka jana nilitumwa peke yangu na fomu tatu: moja ya Waa, moja ya Ukunda, na moja ya Ramisi. Mnyororo wa baisikeli yangu ulikuwa umelegea ukining'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Nikasema, hii ni safari ya kazi ya chama, nisiende na kitu kikuukuu. Jioni ya kuamkia safari nikanunua mnyororo mpya, nikautia. Nikasimamisha baisikeli kwenye stendi, nikazungusha pedeli kwa mkono, ikazunguka kama cherehani. Nikalala usingizi mzuri.

Kukicha nikavuka feri. Likoni, Ngombeni, Waa, njia ikanikubali. Mzee wa Waa akatia saini, chifu akagonga muhuri, nikaondoka. Nyuma kwenye karia nilikuwa na unga na sukari za wazee, mzigo wa kilo kumi hivi. Baada ya Tiwi nikakuta mahali pa kupanda. Nikasimama juu ya pedeli ili nisukume kwa uzito wa mwili. Mara, kaa! Mnyororo umeruka jino, mguu umekwenda chini bure, nami nikakalia bomba la juu kwa namna ambayo wanaume mliomo humu hamhitaji kuelezwa. Nikapanda tena. Kaa! Penye tambarare uliruka mara moja moja, na kila penye kupanda uliruka kila nikisukuma kwa nguvu. Basi kila kilima nikashuka nikasukuma kwa mikono.

Pale Ukunda, baada ya kumaliza kwa mzee wa pili, nikaenda kwa fundi chini ya mwembe. Akatazama gurudumu la nyuma, akanitazama mimi. Akasema, "Mnyororo wa leo, meno ya babu." Akanionyesha meno ya friwili. Yalikuwa yamelika upande mmoja, yamepinda ncha kama pezi la papa. Friwili mpya hakuwa nayo siku ile. Akaniuliza, "Ule mnyororo mkuukuu uko wapi? Urudishe, utakufikisha." Mkuukuu nilikuwa nimewapa watoto wauchezee.

Nilifika Ramisi jua limekwisha shuka. Afisi ya chifu imefungwa tangu saa kumi na moja. Asubuhi yake chifu amekwenda barazani mahali pengine, na siku iliyoandikwa kwenye fomu ndiyo ilikuwa hiyo. Fomu ilifika ofisini imechelewa siku tano. Pensheni ya mzee ikasimamishwa miezi minne. Huyu ni mtu aliyeingia kazini wakati reli ilipokuwa ya Afrika ya Mashariki, kabla ya kuvunjika mwaka 1977, akafanya kazi ya njia mpaka nywele zikawa nyeupe. Aliuza mbuzi wawili, na mjukuu wake akakaa nyumbani muhula mzima bila kwenda sekondari. Niliporudi kwake kumwomba radhi, hakunigombeza. Alinikatia dafu. Afadhali angenigombeza.

Sasa nataka niwaeleze ni kwa nini mnyororo mpya uliniangusha, maana nilikuja kufahamu baadaye, nikaona aibu. Ni jambo ambalo mtu wa karakana angepaswa kulijua.

Mnyororo wa baisikeli hauvutiki kama mpira. Chuma chake hakirefuki. Kinacholika ni pini ndogo zilizo katika viungo, na vibomba ambamo pini huzungukia. Kila kiungo kikilika unywele mmoja, na viungo ni mia na zaidi, mnyororo mzima unakuwa mrefu. Mtindo huu wa mnyororo, wenye pini na kibomba na kigurudumu kidogo juu yake, ulibuniwa na Hans Renold huko Manchester mwaka 1880. Miaka mitano baadaye, mwaka 1885, Starley wa Coventry akatoa baisikeli ya Rover, yenye magurudumu karibu sawa na mnyororo wa kuendesha gurudumu la nyuma, na baisikeli tunazopanda leo ni wajukuu wake. Reli yetu ilianza kulazwa Mombasa mwaka 1896. Kwa hiyo baisikeli hii ni kaka wa reli kwa miaka kumi na mmoja tu, na tukimheshimu mmoja yafaa tumheshimu na wa pili.

Basi, tangu kiungo cha pini hadi cha pili ni nusu inchi. Viungo 24 ni inchi 12 kamili. Mnyororo ukirefuka, nafasi hiyo nayo yapanuka, na meno ya friwili yanalika kuufuata, jino baada ya jino, hata yakapata umbo la ule mnyororo mrefu. Wamezeeka pamoja, wanaelewana. Ukileta mnyororo mpya wenye nusu inchi yake safi, haukai chini katikati ya meno. Unapanda juu ya ncha, na ukitia nguvu unaruka. Mbele haliwi sana jambo hili. Baisikeli nyingi zetu zina meno 44 mbele na 18 nyuma. Mbele ikizunguka mara moja, nyuma imezunguka mara mbili na karibu nusu, na kila jino la nyuma limefanya kazi hiyo yote. Toka Likoni hadi Msambweni ni kama kilomita 50. Kwa gurudumu la inchi 28, ukipiga pedeli njia nzima bila kuteleza, umezungusha mguu zaidi ya mara 9,000, na friwili imezunguka zaidi ya mara 22,000. Hesabu hii niliifanya mwenyewe kwa penseli, mwenye shaka aifanye tena.

Kazini gurudumu la behewa halitazamwi kwa jicho likaambiwa "bado zuri." Lawekewa kipimo. Likipita kipimo latoka, hata kama lang'aa. Kwa nini baisikeli, inayobeba roho yako mwenyewe katikati ya malori, tuihukumu kwa jicho?

Kipimo chake ni rula ya mtoto wa shule, ile yenye inchi upande mmoja. Vuta mnyororo ukaze, weka sifuri ya rula katikati ya pini moja, kisha hesabu hadi pini ya 24. Ikianguka juu ya alama ya inchi 12, mnyororo ni mzima. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, nunua mnyororo sasa, na friwili yako huenda ikaokoka. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya nane, usinunue mnyororo peke yake. Nunua na friwili, vitiwe siku moja. Na kama fedha hazitoshi vyote viwili kabla ya Alhamisi, basi nawaambia kwa mdomo wangu, acheni vyote viwili vya zamani mahali pake, mpunguze ulegevu, mwende navyo. Vya zamani vikiwa pamoja vitafika. Kipya na cha zamani hugombana njiani.

Kosa langu la pili lilikuwa kujaribu mnyororo hewani. Kwenye stendi hakuna mzigo, hata friwili mbovu huzunguka vizuri. Jaribu lake ni kilima. Tunacho kilima cha kutoka Makupa kuja hapa Changamwe, tena bure. Tia mzigo kwenye karia kama ule utakaokwenda nao, simama juu ya pedeli, panda. Ukiruka, uruke hapa, karibu na nyumbani. Tena mfanye hivyo siku tatu nne kabla, si jioni ya kuamkia safari.

Ulegevu. Mnyororo ukiubonyeza kwa kidole katikati, uchezeke nusu inchi, au kidogo kupita. Lakini zungusha pedeli polepole kwanza, maana meno ya mbele mara nyingi hayako katikati sawasawa, na mnyororo hukaza mahali fulani na kulegea mahali pengine. Pima pale panapokaza. Wako wanaopenda kuukaza kama uzi wa gitaa, wakidhani ndiyo nguvu. Huo wala gololi za mbele na za nyuma, na mwendo unakuwa mzito. Ukivuta gurudumu nyuma, tazama lisimame katikati ya fremu, kisha kaza nati zote mbili kwa spana ya kweli, si koleo. Koleo zinakula pembe za nati, na siku ya pancha gizani utajuta.

Kiungo cha klipu nitakisema upesi. Klipu ina upande uliofungika na upande wenye mdomo wazi. Uliofungika uelekee kule mnyororo unakokwenda, yaani mbele ukiutazama ule mstari wa juu. Mdomo wazi ubaki nyuma. Ukikosea, klipu ikigusa kitu chochote hufyatuka, na mnyororo unabaki barabarani nyuma yako kama nyoka aliyegongwa.

Kotapini. Hapa naomba radhi kwa ndugu mmoja aliyekaa pale mwisho, kwa maana baisikeli yake twaisikia ikija kabla hatujaiona. Ka, ka, ka, kila mguu ukishuka. Hiyo ni kotapini iliyolegea. Watu huikaza kwa nati tu, wakavuta kwa nguvu mpaka uzi wa nati ukakatika. Nati si ya kuvuta. Kotapini yaingia kwa nyundo, na nati ni ya kuizuia isirudi. Tena chini ya krenki weka kipande cha bomba au gogo gumu lililokanyaga chini, ili pigo liishie hapo. Usipoweka, pigo lote laangukia gololi za ekseli, ukatengeneza kimoja ukavunja kumi. Ukiisha piga, kaza nati, endesha mwendo wa maili moja, urudi ukaze tena. Kotapini mbili zaingia kwa kupishana, moja toka upande huu na nyingine toka ule, la sivyo pedeli hazitakaa mstari mmoja nawe utapiga miguu kama bata. Na dukani nenda na ile ya zamani mkononi, kwa kuwa hazina unene mmoja.

Friwili nayo ina ugonjwa mwingine. Wapiga pedeli, miguu yazunguka, baisikeli imesimama. Ndani yake mna kucha ndogo zenye springi zinazoshika meno ya ndani. Mtu akitia grisi humo, nayo ikachanganyika na vumbi la Magongo, kucha hulala zisiamke. Dawa yake ni kulaza baisikeli ubavu, kudondosha mafuta ya taa katika ule mwanya mdogo kati ya sehemu inayozunguka na isiyozunguka, na kuzungusha mpaka uchafu utoke na usikie tik-tik kali. Kisha oili nyepesi matone machache. Ikikataa kabisa mkiwa njiani, fungeni meno ya friwili kwa waya kwenye spoki, pande mbili tatu, ikazeni. Miguu haitaweza kupumzika, kila gurudumu likizunguka na pedeli zinazunguka, nanyi mtelemke polepole sana mkishika breki, lakini mtafika kwa chifu.

Kuhusu mafuta tumebishana sana pale karakana. Wengi wetu hutia oili chafu iliyotolewa kwenye injini kwa kuwa ni ya bure. Mimi siipendi. Ina vumbi la chuma ndani yake, na chuma juu ya chuma ni msasa. Wengine hutia mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi yana kazi yake kichwani; kwenye mnyororo hugandamana na mchanga ukawa uji. Osheni mnyororo kwa mafuta ya taa na mswaki mzee, ufuteni, ukauke, tieni oili safi tone moja kila kiungo, ngojeni kidogo, kisha futeni ya nje yote. Mafuta ya kazi ni yale yaliyo ndani. Ya nje ni ya kukaribisha mchanga na kuchafua suruali. Sisi wa pwani tuna chumvi pia, na mtu akiacha baisikeli usiku nje karibu na maji, asubuhi ataona kutu nyekundu. Viungo vingine hukakamaa. Zungusha mnyororo kinyume polepole, utaona kiungo kisichonyooka kikirukaruka kinapopita nyuma. Kishike kwa vidole, kipinde huku na huku kwa ubavu mpaka kilainike.

Ndugu Mwenyekiti, nina maombi mawili kwa tawi. La kwanza ni ufunguo wa friwili. Mafundi wengi huitoa kwa patasi na nyundo mpaka pembe zikavunjika, na baadaye haitoki tena. Ufunguo mmoja utatutosha sote miaka mingi, ukae kwa Katibu, mtu aandike jina akiuchukua. La pili ni kwamba katika safari ya Alhamisi tubebe, kwa watu wote tisa, kifaa kimoja cha kusukuma pini ya mnyororo, klipu mbili, kotapini mbili, waya, spana, nyundo ndogo na pampu. Mizigo hii igawanywe, asiibebe mmoja. Na mwenye mnyororo mpya achukue ule wa zamani ndani ya mfuko. Najua mtacheka. Mimi nitakuwa nao wangu.

Mzee wa Ramisi yumo katika wale saba. Nimeomba fomu yake niichukue mimi, na Katibu amekubali, ila amesema tuende watu wawili.

Ukaguzi ni kesho Jumapili, saa tisa alasiri, wakati watu wa kanisani wamekwisha rudi. Tutakutana nyuma ya nyumba hii, penye kivuli. Kila mtu aje na baisikeli yake na kitambaa kikuukuu. Mafuta ya taa nitaleta chupa moja, mwenye nyingine alete. Rula ninayo, nimeiazima kwa mwanangu, naye ameniambia niirudishe kabla ya Jumatatu asubuhi.